Kujitolea Shambani Italia kwa Malazi na Chakula

Mtandao wa WWOOF, ulioanzia Uingereza mwaka 1971, humkutanisha mkulima wa kilimo hai na mtu aliye tayari kumsaidia kazi bila mshahara, naye akapewa chakula na mahali pa kulala. Anayetaka kwenda Italia hulipa kwanza ada ya uanachama wa tawi la nchi hiyo, kisha huwaandikia wenyeji yeye mwenyewe. Katika barua hiyo, uliza hata yale ambayo wengi huona haya kuyauliza: saa za kazi, siku ya mapumziko, na kama chumba ni chako peke yako.

Suala la viza lisichukuliwe kijuujuu, kwa kuwa maofisa wa uhamiaji wa baadhi ya nchi huihesabu kazi inayolipwa kwa malazi kuwa ni ajira. Uliza ubalozini kabla ya kukata tiketi.

Oktoba na Novemba ni msimu wa kuvuna zeituni: nyavu hutandazwa chini ya miti, matawi yakachanwa kwa vitana vya plastiki, na jioni mabega huuma kwelikweli. Chukua viatu imara na koti zito. Asubuhi za huko si za Tanga.