Boti zimekuwahi tiketi Marekani? Fanya hivi

Boti ninazosema sio zile za kwenda Zanzibar jamani, ni programu zinazonunua vitu mtandaoni kwa spidi ambayo kidole cha mtu hakiwezi, halafu mwenye nazo anakuja kukulangua. Kila msimu wa shoo ndugu zangu mlioko Marekani mnaniuliza kama hii kitu ni halali, na mimi nauliza kwanza, ulikua unanunua nini?

Kama ni tiketi ya shoo, mechi au maigizo, una sheria ya nchi nzima, BOTS Act, Obama aliisaini Desemba 2016. Inakataza kukwepa vizuizi vya tovuti ya tiketi, yani wameandika mwisho tiketi 4 kwa mtu, jamaa anafungua akaunti mia anaondoka na 400, na kuuza tiketi ya hivyo huku anajua ilivyopatikana nayo ni kosa. Ila ukumbi uwe unabeba watu zaidi ya 200, kwahiyo kiukumbi cha taarab cha watu hamsini hakimo.

Kama ni PS5 (mashine ya gemu), raba au midoli, pole. Mswada wake, Stopping Grinch Bots Act, ulipelekwa bungeni 2018, ukarudishwa 2019, ukarudishwa 2021, wapi. Mwishoni mwa 2020 nilikesha na laptop nikimtafutia mpwa wangu PS5, saa tisa usiku ikaingia kwenye kapu, nachapa namba za kadi, nimefika zile tatu za nyuma, kapu tupu! Asubuhi walanguzi wanaziuza bei mara mbili, na hakuna pa kushtaki, hapo unabaki na huruma ya duka tu.

Haya, turudi kwenye tiketi. Usifunge ukurasa kwa hasira. Piga skrinshoti ya foleni, ya tangazo la mlanguzi likionyesha safu na bei, na zaidi ya yote pale walipoandika kikomo cha tiketi kwa mtu. Hiyo ya mwisho wengi hatupigi, wakati sheria inamshika anayekwepa kikomo au utaratibu uliotangazwa, sasa utaonyeshaje kakwepa nini?

Ukimaliza ingia reportfraud.ftc.gov, ni ya FTC, tume ya biashara ya serikali ya Marekani, ndo wasimamizi wa sheria hii. Peleka na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako, naye anaruhusiwa kushtaki. Wewe binafsi sheria haikupi mlango wa kumshtaki mlanguzi, na hela usihesabu kama itarudi. Kesi ya kwanza kabisa ilikuja Januari 2021, miaka minne baadaye! Makampuni matatu ya New York, hukumu dola milioni 31, yakaishia kulipa kama milioni 3.7 kwa madai hayana uwezo. Mie sikuamini nilivyosoma.

Mlioko Uingereza yenu ipo tangu Julai 2018, faini haina kikomo, nayo ni ya tiketi tu.

Kwenye maelezo ya lalamiko lako la FTC andika saa kizungu na useme ni ya wapi, tiketi zikifunguliwa saa nne asubuhi New York andika 10, maana muda huohuo California ni saa moja, na ukijaza 4 wataona umelalamika kabla mauzo hayajaanza.