Siku moja Ziwa Sun Moon na chai ya Yuchi: namna ya kuipanga ukiwa na gari la kukodi

Kinachoharibu safari hii ya Ziwa Sun Moon, katikati ya Taiwan, mara nyingi ni orodha ndefu. Mawakala hukupa ratiba ya vituo tisa au kumi: mahekalu matatu, mnara, gari la waya, baiskeli, boti, soko, na mwisho kabisa "kuonja chai". Kila kituo kina maegesho yake, ngazi zake na foleni yake. Jua likianza kuzama unafikishwa kwenye duka la chai, unapewa kikombe kimoja, unaonyeshwa rafu za bidhaa, na dakika ishirini baadaye uko barabarani. Siku moja inabeba vituo vinne: boti, hekalu moja au mnara, chakula cha mchana, na kiwanda cha chai. Chai ipewe muda wa saa mbili nzima.

Kwa mtu wa Afrika Mashariki chai hii inastahili muda huo kwa sababu jani lenyewe tunalijua. Mwaka 1925, Taiwan ikiwa chini ya Japani, mbegu za chai ya Assam kutoka India zilianza kujaribiwa katika vilima vya Yuchi, pembeni mwa ziwa. Ni chai ya jamii ileile iliyofunika Kericho, Mufindi na Rungwe. Tofauti iko kiwandani. Kwetu jani kubwa hilo hupitishwa kwenye mashine za meno zinazolikatakata na kulifanya punje, ndiyo maana linatoa rangi upesi na kustahimili maziwa na sukari. Yuchi jani husokotwa likiwa zima, likanywewa bila kitu kingine ndani yake. Ukikaa mezani pao ni kama kukutana na ndugu aliyelelewa nyumba nyingine.

Kufika

Ziwa liko kata ya Yuchi, wilaya ya Nantou, katikati ya kisiwa, mita 748 juu ya usawa wa bahari. Wanaoishi Taipei hushawishika kukodi gari kuanzia mlangoni mwa nyumba. Usifanye hivyo. Kwa barabara ni kama saa tatu kwenda na tatu kurudi, na gari hulipiwa kwa saa, kwa hiyo zaidi ya nusu ya pesa yako inaishia barabara kuu. Panda treni ya mwendokasi hadi Taichung: inachukua kama saa moja, na nauli ya kawaida imekuwa dola 700 za Taiwan kwa njia moja. Gari likusubiri huko.

Hapo pana mtego. Kituo cha Taichung cha treni ya mwendokasi hakipo katikati ya mji, kipo Wuri. Kituo cha zamani cha reli ya kawaida ndicho kilichopo mjini. Dereva akiambiwa tu "kituo cha Taichung" anaweza kwenda kisichokuwa chako, na kukutana kwenu kukachukua nusu saa. Mtumie maandishi haya: 高鐵台中站. Kutoka hapo mnashika barabara kuu namba 6 hadi Puli, kisha barabara namba 21 hadi ziwani. Saa moja na kidogo. Kipande cha mwisho kina kona nyingi, kwa hiyo anayechafukwa na tumbo garini akae mbele.

Mtu asiyetaka kukodi gari anaweza kupanda basi namba 6670 palepale kituoni, linalofika gati la Shuishe. Ila viwanda vya chai vimetawanyika kando ya barabara za Yuchi, na huko ndiko gari lako mwenyewe linakofaa.

Wanaotoka nje ya Taiwan wakumbuke kwamba kinachoangaliwa ni pasipoti. Kibali cha ukaazi wa Japani au Korea hakimwondolei viza mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda; aombe kabla ya kununua tiketi. Mwenye pasipoti ya Uingereza, Marekani au Kanada huingia bila viza kwa matembezi ya siku hadi 90.

Gari na dereva

Bei hutajwa kwa gari, si kwa kichwa, na kwa kawaida ni ya saa 8 au saa 10. Ratiba iliyo hapa inahitaji saa tisa na ushei, kwa hiyo chukua ya saa 10. Ukichukua ya saa 8 utajikuta unalipia nyongeza kwa kila saa, au dereva anakuharakisha ukiwa kiwandani.

Kabla ya kulipa arubuni, yaandikwe mambo haya kwenye ujumbe (wengi hutumia LINE, programu ya ujumbe ya simu): mahali pa kukutana na pa kuachana, saa inayoanza kuhesabiwa, bei ya saa ya ziada, nani analipa ushuru wa barabara na maegesho, kiti cha mtoto kama mnaye, na kwamba hamtaki kituo chochote cha manunuzi msichokichagua wenyewe. Hili la mwisho ni muhimu. Baadhi ya madereva hupata kamisheni madukani, na duka la kamisheni ndilo linalomeza muda wa chai.

Angalia namba ya gari. Teksi ya Taiwan ina maandishi mekundu kwenye kibao cheupe. Gari la kampuni ya kukodisha lina namba inayoanza na herufi R. Gari binafsi la mtu anayebeba abiria kinyemela huwa nafuu, lakini ajali ikitokea bima yake inaweza isikuhesabu kama abiria halali. Katika barabara za mlimani, hiyo si pesa ya kubania.

Asubuhi ni ya ziwa

Panda treni ya saa moja asubuhi ili saa tatu na nusu muwe gati la Shuishe. Asubuhi maji hutulia na ukungu bado umekaa vilimani. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua za radi hupenda kushuka mchana, na Julai hadi Septemba kuna hatari ya vimbunga. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi mikavu na mizuri. Epuka Jumamosi, na epuka kabisa wiki ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Boti huzunguka magati matatu: Shuishe, Xuanguang na Ita Thao. Tiketi ya mzunguko mzima imekuwa dola 300, kipande kimoja 100. Mwenye gari hana haja ya mzunguko: nunua vipande viwili, Shuishe hadi Xuanguang na Xuanguang hadi Ita Thao, na mwambie dereva azunguke kwa barabara akusubiri Ita Thao. Boti ni za kampuni mbalimbali na tiketi ya moja haikubaliki kwenye nyingine, kwa hiyo kabla ya kushuka angalia rangi na jina la boti yako na uulize inayofuata inapita saa ngapi.

Njiani utapita kisiwa kidogo cha Lalu, mahali patakatifu pa Wathao, wenyeji wa ziwa hili. Watu hawaruhusiwi kukikanyaga. Kilikuwa kikubwa zaidi; mwaka 1934 mradi wa umeme wa Wajapani ulipandisha kina cha maji, sehemu kubwa ikazama na Wathao wakahamishiwa mahali panapoitwa leo Ita Thao. Serikali iliwatambua rasmi kuwa kabila linalojitegemea mwaka 2001, na idadi yao haifiki elfu moja. Ziwa bado linafanya kazi ya umeme: maji husukumwa juu umeme unapozidi na kushushwa unapohitajika, ndiyo maana kina hubadilika ndani ya siku na magati yanaelea. Kuogelea hakuruhusiwi, isipokuwa siku ile moja ya mwaka ya kuvuka ziwa kwa pamoja.

Kwenye gati la Xuanguang kuna mayai yaliyochemshwa kwa saa nyingi ndani ya chai ya Assam na uyoga. Nunua. Ndiyo chai ya kwanza utakayoionja siku hiyo, na chumvi yake inafungua hamu. Hekalu liko juu ya ngazi. Dakika ishirini zinatosha.

Baada ya kula Ita Thao chagua kimoja kati ya viwili. Mnara wa Ci'en, uliojengwa mwaka 1971, una urefu wa mita 46 na umesimama kwenye kilima cha mita 954, kwa hiyo kilele chake ni mita 1,000 kamili. Unautembelea kwa miguu kutoka barabarani, kisha ngazi za ndani. Hekalu la Wenwu liko kando ya barabara na halichoshi. Linafaa kama mna wazee au watoto. Gari la waya tunaliacha nje makusudi: ni zuri, lakini linakula saa moja na nusu pamoja na foleni.

Chakula

Kuleni Ita Thao saa tano na nusu, kabla ya mabasi ya watalii. Kuna wali uliopikwa ndani ya mwanzi na samaki wa ziwani anayeitwa "samaki wa rais" kwa kuwa Chiang Kai-shek alimpenda. Waislamu wawe macho: soseji za kuchoma zinazonukia mtaa mzima ni nguruwe, mboga nyingine hukaangwa kwa mafuta yake, na samaki hupikwa mara nyingi kwa mvinyo wa mchele. Samaki mwambie mpishi amchemshe kwa mvuke bila mvinyo, au tafuta mgahawa wenye herufi 素, yaani usiotumia nyama. Kituo cha wageni cha Xiangshan kina chumba cha kuswalia. Kibla ni magharibi, kidogo kuelekea kaskazini.

Mtu asiende kwenye chai tumbo tupu. Vikombe ni vidogo kama finjani za kahawa, lakini vinakuja kumi na zaidi, na kizunguzungu hakikawii.

Saa mbili za chai

Fikeni Yuchi saa nane mchana. Viwanda vingi huanza kufunga saa kumi na moja jioni. Kiwanda cha zamani kiitwacho 日月老茶廠, kilichojengwa mwaka 1959, kinafaa kwa anayetaka kuona mashine na shamba. Anayetaka kusokota majani kwa mikono yake aagize siku kadhaa kabla, kwa sababu majani huchumwa kwa idadi ya watu waliojiandikisha. Ukifika bila miadi utaambulia duka.

Kiwandani anza ghorofa ya juu, yalipotandazwa majani ya kunyaushwa. Hukaa hapo usiku kucha, hadi kikonyo kikikunjwa kinapinda badala ya kukatika. Ukikiuka hatua hii, jani bichi hupasuka kwenye mashine ya kusokota badala ya kujiviringisha, na kikombe kinakuwa kichungu. Chini yake ni kusokota, kisha chumba cha kuchachua ambako kijani hugeuka shaba. Likizidishwa hapo, chai hupoa ladha na kuleta uchachu. Mwisho ni kukausha. Muulize mwenyeji akuonyeshe jani katika kila hatua na ulinuse: bichi linanuka nyasi, lililonyaushwa linanuka matunda.

Mezani omba aina mbili zilinganishwe. Ya kwanza ni Assam, ambayo utaitambua ulimini. Ya pili ni Hongyu, 紅玉, yaani Taicha namba 18, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1999 baada ya kuchanganya chai ya jani kubwa ya Burma na chai pori ya milima ya Taiwan. Inanukia mdalasini na mnanaa. Hakuna kiungo kilichotiwa. Harufu imo ndani ya jani. Kwa sisi tuliozoea kutia iliki na tangawizi, hili ndilo la kushangaza.

Mwenyeji atakumiminia kikombe kisichojaa, kama sehemu saba kwa kumi. Si ubahili. Kwao kikombe kilichofurika kinamuunguza mgeni vidole na ni dalili ya kutomjali. Nusa kwanza, kunywa taratibu, kisha nusa kikombe kitupu. Usiombe sukari kabla ya kuonja. Ukitosheka acha chai kikombeni, maana kikombe kitupu maana yake ongeza.

Kununua kuna hesabu yake. Chai huuzwa kwa jin (斤), kipimo cha uzito cha huko, na jin ya Taiwan ni gramu 600, si 500 kama Guangzhou. Pakiti za kawaida ni gramu 75 na gramu 150. Tafuta jina la Yuchi, 魚池, kwenye pakiti pamoja na tarehe ya mavuno. Taiwan huagiza chai nyingi kutoka Vietnam, na picha ya ziwa kwenye kopo haithibitishi kitu. Hongyu nzuri ni ya majira ya joto, tofauti na oolong, chai iliyochachuliwa nusu, inayosifiwa ya majira ya kuchipua na ya majira ya baridi. Mimina majani kiganjani: yawe marefu, meusi, yamejisokota, bila vumbi.

Ondokeni saa kumi na robo ili msiikose treni ya saa kumi na mbili. Ijumaa na Jumapili jioni viti huisha, kwa hiyo tiketi ya kurudi ikatwe mapema.

Nyumbani, kwa buli dogo la mililita 150, tumia gramu 5 na maji yaliyotoka kuchemka. Mmimino wa kwanza uchukue kama dakika moja, kisha uongeze sekunde 15 kila mara. Majani yaleyale yatatoa mimino mitano. Kwa kikombe kimoja cha haraka, gramu 3 kwa dakika tano. Kosa letu kubwa ni kuiweka jikoni ichemke na majani yake kama chai ya maziwa: mnanaa wa Hongyu hupotea wote na ukali ndio unaobaki. Anayetaka kuitia maziwa anunue Assam, iloweke dakika sita, na maziwa yaingie ya moto baada ya kuchuja.