Namna ya kuchukua sampuli ya matunda kutoka nje ya nchi kwa kipimo cha mabaki ya viuatilifu

Nawaandikia wakaguzi wenzangu wa bandarini, mipakani na kwenye masoko ya jumla, hasa mnaoanza kazi. Epo la Afrika Kusini au chungwa la Misri likishafika kwa mama mwenye mtoto mdogo, hana tena mengi ya kufanya. Maji huondoa kilichokaa juu ya ganda, kilichoingia ndani hakitoki. Mwaka 1985 huko California watu zaidi ya elfu moja waliripotiwa kuugua baada ya kula matikiti yenye aldikabu, kiuatilifu ambacho mmea hukinyonya kwa mizizi na kukipeleka hadi kwenye nyama ya tunda. Ganda la tikiti hakuna anayelila, na bado waliugua. Kwa hiyo mlinzi wa mlaji ni sisi, kabla mzigo haujaingia sokoni. Na sampuli ikichukuliwa ovyo, hata maabara bora haiwezi kuiokoa.

1. Tenganisha loti

Loti ni fungu la matunda ya aina moja kutoka shamba moja. Kontena moja si loti moja. Soma ubavu wa boksi: boksi za matunda ya Afrika Kusini huwa na namba ya shamba na namba ya kituo cha kupakia. Mashamba mawili hupuliza dawa tofauti kwa siku tofauti. Ukichanganya matunda yao, shamba lililozidisha dawa linajificha nyuma ya lililofuata taratibu, na mwagizaji akikupinga atakuwa na haki. Panga mzigo kwa namba hizo na kwa aina ya tunda, kisha ushughulikie kila fungu peke yake.

2. Chagua boksi mwenyewe

Mwongozo wa Kodeksi, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, CXG 33-1999, uko wazi: loti ya boksi 1 hadi 25, fungua moja; 26 hadi 100, fungua tano; zaidi ya 100, fungua kumi. Wapakuaji watakupa za mlangoni kwa sababu ndizo zilizo karibu. Omba pia za katikati na za nyuma kabisa. Wakala wa forodha atalalamika kwamba unachelewesha. Mwache alalamike, wewe subiri.

3. Kiasi

Matunda ya gramu 25 hadi 250, kama maepo na machungwa mengi: angalau kilo moja, na yasipungue kumi. Yanayozidi gramu 250: kilo mbili, yasipungue matano. Zabibu huhesabiwa kwa vishada: kilo mbili, visipungue vitano. Usichague yanayong'aa wala usitafute mabaya, chukua yanavyokuja.

4. Linda sampuli na mikono yako

Glavu mpya kwa kila loti. Kama asubuhi ulijipaka dawa ya kufukuza mbu au ulipuliza dawa ya mende ofisini, mikono yako inaweza kuipa maabara majibu ambayo hayahusiani na shamba lolote. Gari lililobeba dawa za kupulizia lisibebe sampuli.

Usioshe tunda, usilifute, usilimenye. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa huhesabiwa kwa tunda zima pamoja na ganda, hata kwa chungwa na ndizi. Machungwa ya kusafirishwa mbali hupakwa thiabendazo au imazalili baada ya kuvunwa ili yasiote ukungu, na sehemu kubwa ya dawa hizo hubaki kwenye ganda. Ukilifuta kwa kitambaa umefuta ushahidi.

Tia kwenye mfuko mpya na safi, piga lakiri mbele ya mwagizaji au wakala wake, andika namba ya loti, tarehe, saa na mahali, nyote wawili msaini. Weka kwenye kisanduku cha barafu na uifikishe maabara haraka.

5. Iambie maabara unatafuta nini

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo inayotuponyoka zaidi. Maabara haipimi kila kitu. Mashine inatafuta viambato vilivyomo kwenye orodha ya kipimo tu. Mankozebu, kwa mfano, ni kiuakuvu kinachotumika sana kwenye matunda, lakini kipimo cha pamoja cha viuatilifu vingi hakikioni. Lazima uombe kipimo chake. Jibu la "hakuna kilichoonekana" bila orodha ya vilivyotafutwa halina maana. Idai orodha hiyo, pamoja na kiwango cha chini kabisa ambacho maabara inaweza kupima.

Kwa Tanzania, usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na viuatilifu viko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao Arusha. Nakala ziende kote kuwili.

6. Soma majibu

Kila kipimo kina shaka yake. Maabara za Ulaya huikadiria kuwa asilimia 50 juu au chini ya jibu kabla ya kutangaza kosa. Jibu la miligramu 0.8 kwa kilo linaweza kuwa 0.4 au 1.2, hivyo kama kikomo ni 0.5, mwagizaji hajathibitika kukivuka. Rudia kipimo kabla ya kumshtaki.

Halafu fanya hesabu ya pili, ya mtoto. Tuseme epo lina asetamipridi, dawa ya wadudu, miligramu 0.5 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 akila gramu 150 amepata miligramu 0.075, yaani 0.0075 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula ya Ulaya, EFSA, ilipendekeza kipimo salama cha dawa hiyo kwa siku kishuke kutoka 0.025 hadi 0.005. Kwa kipimo cha zamani mtoto yuko salama, kwa kipya amepita. Hesabu hiyo iandike kwenye ripoti hata kama sheria haikulazimishi, ili mwenye kuamua aone ni nani anayekula.

7. Shikilia au ruhusu

Maepo kwenye kontena la baridi yanaweza kusubiri majibu. Zabibu hazisubiri sana. Shikilia loti ya mzalishaji aliyewahi kupatikana na kosa. Nyingine ruhusu, ila weka rekodi ya kila mnunuzi wa jumla aliyechukua, ili majibu yakiwa mabaya ujue pa kuufuata mzigo. Loti ikikataliwa, simamia mwenyewe hadi iteketezwe au irudishwe ilikotoka. Usikubali kuletewa karatasi tu.

8. Ukiulizwa na walaji

Waambie wasugue tunda kwa mkono chini ya maji yanayotiririka, angalau nusu dakika. Sabuni haihitajiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2017 kwamba kuloweka epo kwenye bekingi soda, gramu 10 kwa lita moja ya maji, kwa dakika 12 hadi 15 kuliondoa dawa mbili walizozipima juu ya ganda. Hiyo ni kama vijiko viwili vya chai. Sisitiza ni bekingi soda ya mandazi, si kostiki soda ya kutengenezea sabuni, maana hiyo inaunguza. Waambie na ukweli wote: katika utafiti huohuo, asilimia 20 hivi ya thiabendazo ilikuwa imeshapenya ndani ya epo, na hiyo haikutoka.