Namna ya kufuatilia neno hadi shinani: mfano wa "vita"

Nilifundisha Kiswahili sekondari hapa Moshi kwa miaka mingi, na kosa langu kubwa la ubaoni lilihusu vita. Niliwaandikia kidato cha tatu kwamba kitenzi "haribu" kimetokana na neno la Kiarabu la vita, "harb", kwa kuwa vita huharibu. Ilipendeza masikioni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, aliyesoma madrasa tangu utotoni, akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, ile ya vita ni ha. Ya kuharibu ni kha." Nikampa chaki. Akaandika herufi mbili zinazofanana, moja ina nukta juu, nyingine haina. Nukta hiyo ikanibomolea kipindi kizima.

Kwa hiyo, ukitaka kujua neno limetoka wapi, kwanza liogope jibu linalokufurahisha haraka. Maneno mawili kufanana si undugu. Kiswahili kimeimeza ile kha nzito katika maneno mengi ikawa h, na sisi tunabaki kuunganisha watu wasiojuana.

Kisha kusanya sentensi kabla hujafungua kamusi. Kaa kwenye daladala ya Majengo na daftari dogo. Mimi niliandika: "Wananipiga vita kazini." "Babu alipigana Vita ya Kagera." "Tupige vita rushwa." Na methali: "Vita havina macho."

Tazama hizo sentensi kwa karibu, maana humo mna mali. Kupigana vita ni kwenda na silaha. Kupigwa vita kazini hakuna risasi hata moja, kuna mtu anakuchongea kwa bosi. Halafu upatanisho wa kisarufi: mtaani wengi wetu tunasema "Vita ya Kagera", kana kwamba neno liko ngeli moja na "nyumba". Lakini methali haikubali. Jaribu kusema "vita haina macho" mbele ya wazee uone watakavyokuangalia. Methali imeshika ngeli ya KI-VI: vita hivi, vita vya Kagera, vita havina. (Na hapa niseme la moyoni: "vita dhidi ya rushwa" ni Kiswahili cha chumba cha habari. "Kupiga vita rushwa" kulitutosha.)

Usiishie kwenye nomino. Mwaka 1978, Idi Amin alipovamia Kagera, maneno ya Mwalimu Nyerere ambayo kila mtu wa rika langu anayakumbuka ni "uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo". Uzito wote uko kwenye kupiga. Ndiko yanakotoka mapigano na mpiganaji.

Ukishaijua ngeli, vua kiambishi. Vi-ta. Kinabaki "-ta", kijisilabi kimoja kisichokuambia chochote. Hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wanakata tamaa. Dawa yake ni kutafuta "-ta" hiyo hiyo ikiwa imevaa kiambishi kingine.

Mimi niliipata soko la Mbuyuni kwa mzee mmoja Mkamba aliyekuwa akiuza asali kwenye madumu ya lita tano. Tulikuwa tunazungumzia mizinga yake, nyani wanavyoisumbua, naye akasema zamani baba yake aliwafukuza kwa "uta".

"Uta ndiyo nini, mzee wangu?"

"Si huu, mama," akavuta kamba ya hewani hadi sikioni, jicho moja kafumba.

Upinde! Nilirudi nyumbani na asali niliyosahau kudai chenji yake, nikafungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Uta ni Kiswahili pia, wingi wake mata, ila umezeeka. "Upinde" umetokana na kupinda, jina la umbo tu, nao ukalisukuma jina la kale pembeni. Wataalamu wa lugha za Kibantu huuweka uta na vita kwenye shina moja. Vita, basi, mwanzoni ni mambo ya pinde.

Sasa hakiki kwa majirani, wa mbali hasa, kwa sababu wa karibu huweza kuazimana. Kichewa na Kishona upinde ni "uta". Kiluba cha Kasai, kule Kongo, vita ni "mvita". Lakini Waganda wanasema "olutalo" na Wanyarwanda "intambara", kwa hiyo usitangaze kwamba Wabantu wote wana neno moja.

Ukiwa na nguvu, chungulia kwingine. Neno la Kiingereza la vita lina asili ya Kijerumani cha kale yenye maana ya vurugu, mkorogo. Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India, neno moja la mapigano, "gavishti", maana yake ni kutaka ng'ombe. Hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyekaa jirani na Wamasai.

Silaha zenyewe ni rahisi: kitu kikija na meli, jina hushuka nacho. Bunduki na risasi ni Kiarabu (risasi ni madini kwanza, ndipo ikawa kinachoua). Manowari ni Kiingereza. Mzinga tu ndio wa nyumbani: gogo lenye uwazi la nyuki, watu wakaona bomba la kufyatulia makombora wakasema, aa, mzinga.

Majina ya mahali yashike kwa uangalifu. Mvita, jina la kale la Mombasa, wengine wanalifasiri kuwa kisiwa cha vita, na kweli kuzingirwa kwa ngome yake ya Fort Jesus kulidumu tangu 1696 hadi 1698. Wengine wanamtaja Shehe Mvita, anayesimuliwa kuwa mtawala wake wa kale. Andika yote mawili uendelee.

Pia uliza nani aliyetoa jina. Yaliyotokea kusini 1905 hadi 1907 Wajerumani waliyaita uasi. Sisi tunasema Vita vya Majimaji. Mwasi ana bwana wake. Mpiganaji wa vita hana.

Kwa mazoezi, chukua "mauaji ya kimbari", maneno tuliyoyasikia redioni miaka yote ambayo mahakama ya Rwanda ilikaa Arusha. Vua "ki-", utabaki na "mbari". Ifungue kamusi, kisha umtafute jirani Mkikuyu umuulize mbari kwao ni watu gani.