SOMO: Modeli ya 3D imekataa? Pitia hapa kabla hujanitumia faili

Ujumbe ni ule ule kila wiki: "Fundi, modeli yangu imekufa, nikutumie uicheki?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika yote hapa. Ukifuata na bado umekwama, uliza, ila useme umefika hatua gani na skrini inasema nini. "Imekataa" si maelezo.

Mimi natumia FreeCAD, programu ya bure ya kuchora 3D, kwa hiyo majina ya vitufe ni ya humo. Wenye programu nyingine za kuchora, SolidWorks, Inventor na AutoCAD, nitawagusia njiani.

Kwanza tenganisha magonjwa mawili. Kuna faili lililoharibika: halifunguki, au linafunguka likiwa tupu. Halafu kuna faili zima lenye umbo bovu ndani yake: linafunguka vizuri, kwa macho liko sawa, lakini ukizungusha kona linagoma, ukitoboa tundu kipande kizima kinatoweka, ukipeleka kwa mwenye CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) anakuambia nyuso zimepasuka. Wengi mnaonijia mna ugonjwa wa pili na mnahangaika na dawa ya ule wa kwanza. Kuweka programu upya hakujawahi kuponya uso unaojikata wenyewe.

Hatua ya 1. Nakili faili, fanya kazi kwenye nakala.

Hatua ya 2: faili halifunguki. Tazama ukubwa wake. Kama ni baiti 0, hapo hakuna cha kuokoa. Angalia kando yake kwenye folda ile ile kama kuna faili lenye kiishio .FCBak au .FCStd1, hiyo ni nakala ya akiba, ibadilishe kiishio kiwe .FCStd uifungue. Kama faili lina ukubwa wa kawaida, kuna tumaini: .FCStd ni zipu tu. Lifungue kwa 7-Zip, utakuta Document.xml na mafaili ya .brp yaliyobeba maumbo yenyewe. Toa .brp unayoihitaji uiingize kwenye hati mpya. Utapata umbo bila michoro iliyolizaa, lakini utakuwa na kitu cha kupima.

AutoCAD: amri ya RECOVER, ikishindikana chukua .bak uibadilishe iwe .dwg, ikishindikana tafuta .sv$ kwenye folda ya muda. Faili likifunguka, piga AUDIT.

STEP (faili la kupitisha umbo kutoka programu moja hadi nyingine): ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad. Mstari wa kwanza ni ISO-10303-21. Na wa mwisho END-ISO-10303-21. Na huo wa mwisho usipokuwepo, faili limekatika likiwa njiani. Mwambie aliyelituma alitume tena, wala usipoteze jioni yako.

Hatua ya 3: linafunguka lakini linasumbua. Kokotoa upya mti wote, yaani orodha ya hatua zilizojenga modeli. Kisha nenda Part, chagua Check geometry, na kwenye mipangilio yake washa kipimo cha BOP (kinachokagua kama umbo litakubali kuunganishwa na kukatwa). Bila BOP, uso unaojikata wenyewe unapita kama hauna neno. Anza juu ya mti ushuke. Watu hupima kitu cha mwisho kwa sababu ndicho chenye alama nyekundu, na cha mwisho mara nyingi ni majeruhi tu.

Wasiopenda vitufe wafungue dirisha la Python wachague kitu, kisha waulize Shape.isValid(), Shape.isClosed() na Shape.Volume. Ujazo ukitoka hasi, nyuso zimegeuzwa ndani nje.

SolidWorks ina Check chini ya Evaluate. Washa pia Verification on rebuild kisha Ctrl+Q. Programu itakuwa nzito, ila itasema ukweli.

Hatua ya 4: mkamate mkosaji. Rudisha Tip (alama ya kitu kinachohesabiwa kuwa mwisho wa modeli) kwenye kitu cha katikati ya mti, upime. Kikiwa kizima, kosa liko chini. Kikiwa kibovu, liko juu. Gawa tena nusu. SolidWorks unavuta upau wa kurudisha nyuma, Inventor unavuta End of Part.

Hatua ya 5: wakosaji wa kila siku. Kona iliyozungushwa kwa nusu kipenyo inayolingana barabara na nusu ya unene wa ukuta: ukuta wa milimita 6, kona ya 3 pande zote mbili, uso wa juu unaisha na injini (sehemu ya programu inayokokotoa maumbo) haijui iuweke wapi. Weka 2.99. Kikataji (umbo unalolitumia kukatia jingine) kinachoishia sawasawa na uso kinachoukata: kirefushe milimita moja kitokeze nje. Uzi wa boliti uliochorwa na pembetatu yenye kitako sawa na pichi (umbali wa jino hadi jino), kwa hiyo kila mzunguko unagusana na mwenzake: pichi 2, kitako 1.95. Vipande viwili vilivyogusana kwenye ukingo mmoja tu: vitenganishe au vipishanishe, katikati hapo hakuna solidi, yaani umbo lililofunga lenye ujazo.

Kona zote zipelekwe mwisho wa mti. Hili ningeliandika kwa herufi kubwa kama si adabu.

Hatua ya 6: kushona nyufa. Soma yote, usiruke.

Umbo lililotoka programu nyingine likija na nyufa kati ya nyuso, kuna kishawishi cha kulishona kwa toleransi kubwa. Unaandika 0.5, solidi inafunga, kipimo kinasema safi, unashangilia. Lakini toleransi ya kushona inamaanisha kingo zilizo karibu kuliko hapo zihesabiwe kuwa moja. Kila kitu kidogo kuliko nusu milimita kiko hatarini: ukingo uliokatwa mshazari, ngazi ndogo ya kukalia beringi, bega la mfereji wa mpira wa kuzuia maji. Flenji moja ya pampu ilitoka hapa kwangu hivyo hivyo, bega limemezwa, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Aliyelalamika ni maji.

Kwa hiyo: andika ujazo kabla ya kushona. Anza na 0.001. Ikikataa, zidisha kwa kumi, upime, uzidishe tena. Usivuke moja ya kumi ya kitu kidogo kabisa unachokijali kwenye kazi hiyo. Ukimaliza linganisha ujazo, halafu pima kwa mkono vipimo vile ambavyo vikikosea kazi inarudi. Kwa chuma, zidisha ujazo ulio katika sentimita za ujazo kwa 7.85 upate gramu. Uzito ukiruka bila sababu, kuna kitu kimeliwa. Na kama ufa mmoja tu ndio unaogoma, futa uso huo uuchore upya. Dakika kumi za kuchora zinashinda toleransi ya 0.5.

Onyo la pili: usimtumie mwenye mashine umbo lililoshonwa bila kumwambia limeshonwa.

Hatua ya 7. Toa kwa STEP, liingize tena kwenye hati tupu, pima tena.

---

MASWALI

Leza_Kariobangi: Mkuu faili yangu haifunguki na mteja amekaa hapa nje anangoja. Nisaidie haraka

Mwandishi: Hatua ya 2. Ukubwa wake ni ngapi?

Leza_Kariobangi: Sijacheki. Naweza kukutumia tu?

Mwandishi: Hapana.

Leza_Kariobangi: Ni 0.

Mwandishi: Basi tafuta .FCBak. Na mpe mteja kiti.

Mwanafunzi_Juja: Shikamoo mwalimu. Nimeelewa namna ya kurekebisha, ila sijaelewa kwa nini. Kompyuta inajuaje kwamba umbo ni bovu ilhali mimi naliona zima?

Mwandishi: Marahaba. Swali zuri, kaa chini. Wewe unaona picha. Injini inaona daftari. Kwenye daftari kuna nyuso, kila uso umezungukwa na kingo, kila ukingo una ncha mbili, na kila ukingo lazima utumiwe na nyuso mbili, si moja, si tatu. Ukitumiwa na mmoja, pale kuna shimo, maji yanavuja. Ukitumiwa na watatu au wanne, injini haiwezi kusema upande upi ni chuma na upi ni hewa. Kuna hesabu ya Euler ya kujipima: ncha toa kingo jumlisha nyuso ni 2. Mchemraba una ncha 8, kingo 12, nyuso 6. Hesabu mwenyewe. Ukitoboa tundu kutoka upande hadi upande kanuni inahitaji nyongeza, na hilo nakuachia wewe ulitafute, liko kwenye vitabu vyenu.

Upande wa pili ni jiometria: daftari linaweza kusema kingo mbili zinakutana, huku namba zinasema zimepishana kidogo. Picha unayoiona ni pembetatu za kukadiria tu, kwa hiyo pengo dogo halionekani hata ukivuta karibu.

Mwanafunzi_Juja: Ncha 8, kingo 12, nyuso 6... kweli ni 2! Asante sana mwalimu.

Bosi_wa_Chuma: Haya yote ni kwa sababu mnatumia vitu vya bure. Nunueni SolidWorks muache kulia.

Mwandishi: SolidWorks inatumia injini ya Parasolid, ni nzuri, sibishi. Lakini jiulize kwa nini wameweka Check na Import Diagnostics ndani yake. Kona ya 3 kwenye ukuta wa 6 inaweza kukupa taabu hata uwe umelipia nini. Mwenye leseni atumie, mwenye karakana ya watu wawili asiambiwe afunge.

Bosi_wa_Chuma: Sijasema wafunge, usinilishe maneno.

Mwandishi: Sawa. Tuendelee.

Printa_Ngara: Nimeshusha STL ya gia mtandaoni, nikaigeuza kuwa solidi, sasa laptopu imeganda. Ni korapti?

Mwandishi: STL si solidi, ni ngozi ya pembetatu. Pembetatu 50,000 zikigeuzwa unapata nyuso 50,000, na kila ukikata, zote zinahusika. Hesabu meno, pima kipenyo, uchore gia upya. FreeCAD ina kifaa cha gia ndani ya Part Design, utamaliza kabla laptopu haijaamka.

Dada_Michoro: Habari za kazi. Mimi nachora stendi za tangi la maji. Mpimaji hunipa kona za kiwanja kwa UTM (namba za ramani, mita za mashariki na kaskazini), nami huchora juu yake hapo hapo. Mihimili ikiwa peke yake iko safi, nikiiunganisha inapasuka. Nimefuata hatua zote hadi ya 5 na vipimo vyote ni vya kawaida. Nikichora stendi ile ile kwenye hati mpya, inakubali.

Mwandishi: Dada, umejibu nusu ya swali mwenyewe, na hii ningeiweka kwenye somo. Nairobi iko ukanda wa 37 kusini. Kusini mwa ikweta UTM inahesabu kaskazini kuanzia milioni 10, kwa hiyo katikati ya jiji ni karibu mita 257,000 mashariki na 9,857,000 kaskazini. Kwa milimita hiyo ya pili ni 9,857,000,000. Kompyuta inabeba tarakimu 15 au 16 tu kwa kila namba. Ukizitumia kueleza uko umbali gani na sifuri, zinazobaki za kueleza mhimili ni chache: kwenye namba kubwa hivyo, hatua ndogo kabisa kati ya namba moja na inayofuata ni karibu milimita 0.0000019. Injini ya FreeCAD inahesabu nukta mbili kuwa moja zikiwa ndani ya milimita 0.0000001. Yaani hatua ya namba ni karibu mara 19 ya toleransi. Nukta zinazopaswa kukutana zinaangukia vidato tofauti, na injini inaapa kwamba hazijakutana.

Dawa: chora stendi karibu na sifuri. Chagua kona moja ya msingi iwe 0,0,0, andika UTM yake kwenye jedwali la mchoro, na ukihitaji mchoro wa kiwanja hamisha nakala ya 2D. Solidi zibaki nyumbani.

Dada_Michoro: Nimehamisha. Imeungana mara ya kwanza. Asante sana, na hiyo ya kuandika UTM kwenye jedwali naanza leo.

Mwandishi: Karibu. Mwambie mpimaji pia akuandikie amepima kwa Arc 1960 au WGS 84, ni mifumo miwili ya kupimia ramani, si kitu kimoja.

Fundi_Gikomba: Na stima ikipotea katikati ya kuhifadhi? Yangu ya juzi ilikufa hivyo.

Mwandishi: Ndiyo baba wa faili la baiti 0. Kama ni kompyuta ya mezani nunua UPS (betri inayoshikilia kompyuta stima ikipotea), hata ndogo. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si kuendelea kuchora. Kisha kwenye mapendeleo weka kuhifadhi kwa dharura kila dakika 5 na uongeze idadi ya nakala za akiba. Usifungue faili moja kwa moja kutoka kwa flashi: nakili kwenye diski, fanya kazi, funga programu, rudisha, ondoa flashi kwa utaratibu.

Leza_Kariobangi: Mkuu nimepata .FCBak, imefunguka. Sasa DXF yangu (faili la mchoro wa 2D wa kukatia) leza inakata mstari mmoja mara mbili na bati linaungua

Mwandishi: Kuna mistari miwili juu ya mwenzake. AutoCAD: amri ya OVERKILL inafuta iliyorudiwa. FreeCAD: toa DXF kutoka kwenye uso mmoja, usichague umbo zima, maana ukingo wa juu na wa chini vinaangukia pale pale. Mteja bado yuko?

Leza_Kariobangi: Ameenda kununua chai.