Kugundua kosa katika kanuni ya uhamisho wa nukta

Pembetatu ina vipeo A(2, 1), B(5, 1) na C(4, 3). Baada ya kuhamishwa (kila nukta imesogezwa kiasi kile kile, upande ule ule), vipeo ni A′(−2, 4), B′(1, 4) na C′(0, 6). Mwanafunzi ametakiwa kuandika kanuni ya uhamisho huo, nawe unasahihisha. Kabla hujasoma kanuni aliyoandika, tafuta yako: taswira (nukta baada ya kuhamishwa) toa asili (nukta kabla ya kuhamishwa), kipeo kwa kipeo. Kwa x, −2 − 2 = −4, 1 − 5 = −4, 0 − 4 = −4. Kwa y unapata 3 mara zote tatu. Basi kanuni ni (x, y) → (x − 4, y + 3).

Sasa ijaribu kanuni ya mwanafunzi kwenye vipeo vyote vitatu. Usiishie A. Kanuni (−x, y + 3) inaifikisha A kwenye (−2, 4) bila tatizo, lakini B inaangukia (−5, 4). Hata vipeo viwili hudanganya: (x − 4, 4y) inapatia A na B, kwa kuwa zote zina y = 1, na 4 × 1 ni sawa na 1 + 3. C ndiyo inayoiumbua, maana inakwenda (0, 12). Ukitunga swali mwenyewe, chagua nukta zenye x tofauti na y tofauti, na uepuke 0 na 1.

Jibu likikataa, usifute haraka. Tafuta pengo: majira (namba za x na y za nukta) sahihi toa majira aliyopata mwanafunzi. Pengo hilo hukuonyesha alipoteleza.

Pengo likiwa lile lile kwa vipeo vyote, umbo limehama kweli, ila kwa kiasi kisicho chake. Aliyeandika (x + 4, y − 3) anaipeleka A kwenye (6, −2). Pengo ni −8 na 6, mara mbili kamili ya uhamisho halisi: ametoa kinyume, asili toa taswira. Aliyeandika (x + 3, y − 4) ana pengo la −7 na 7, yaani amebadilisha nafasi za x na y, kila namba ikibaki na alama yake. Pengo la 1 tu kwa kila mhimili hutokea kwa anayehesabu miraba ya grafu akiita nukta ya kuanzia hatua ya kwanza.

Namba hasi zina kosa lake. P(3, −5) ikihamia P′(7, −2), y inabadilika kwa −2 − (−5) = 3. Asiyeweka mabano huandika −2 − 5 = −7. Pengo ni 10, mara mbili ya 5 iliyopotezewa alama.

Pengo likibadilika kutoka kipeo hadi kipeo, ama kanuni si ya uhamisho, kama (−x, y + 3) na (x − 4, 4y) za hapo juu, ama herufi za vipeo zimepachikwa vibaya. Tuseme swali limeandika A′(1, 4) na B′(−2, 4): tofauti za x zinakuwa −1, −7 na −4. Kutoka A kwenda C ni hatua 2 kulia na 2 juu. Kutoka A′ hiyo kwenda C′ ni 1 kushoto na 2 juu. Urefu wa upande umebadilika, jambo lisilowezekana katika uhamisho. Badilishana herufi za A′ na B′, kisha utoe upya.