Namna ya kusoma leja za zamani za hisa za benki ya familia ukiwa hapa hapa Dar

Watu wa Mlimani na IFM wanaosoma historia ya fedha huwa wanakwama sehemu moja, wameshapata picha za leja, yaani daftari kuu la hesabu, ya benki ya London ya miaka ya 1700, wanafungua kwenye laptop, wanakuta mwandiko wa mikunjo na namba kibao, wanafunga. Sa ngoja tuifungue pamoja, maana ukishajua macho yaanzie wapi haina ugumu kihivyo.

Kwanza ujue nani anazo. C. Hoare & Co. ya Fleet Street ilianza 1672 na mpaka leo iko mikononi mwa familia ile ile, leja zake zinarudi mpaka karne ya 17. Rothschild, ukoo mwingine wenye benki, nao wana kituo chao cha nyaraka London tangu 1978, kipo New Court, mtaa wa St Swithin's Lane, pale pale Nathan Mayer Rothschild alipoweka ofisi enzi hizo. Anza na vitabu vya hesabu, barua ziache kwanza, ndugu wa Rothschild walikuwa wanaandikiana Kijerumani cha Kiyahudi kwa herufi za Kiebrania, yaani hata Mjerumani mwenyewe anatoka kapa. Kwetu benki zilitaifishwa Februari 1967 kwa hiyo habari ya ukoo kukaa na madaftari yake miaka mia tatu inashangaza kidogo, ila wenzetu ndo hivyo.

Haya, ukurasa wenyewe. Leja inafunguka pande mbili, kushoto juu imeandikwa Dr, yaani upande wa kudaiwa, kulia "Per Contra Cr", yaani upande wa pili, wa kulipa. Mistari ya kushoto inaanza na "To", ya kulia inaanza na "By". Chukulia ile hisa ni mteja kwenye daftari la madeni la Mangi wa dukani: benki ikiinunua, hisa inadaiwa, inaandikwa kushoto, ikiuzwa au ikitoa gawio imelipa, inaandikwa kulia. Basi, huo ndo mchezo wote.

Wengi wanapigwa kwenye safu za namba. Kuna namba ya ndani, hiyo ni kiasi cha hisa kama kilivyo kwenye hati, halafu kuna za nje, hizo ni hela taslimu, na usizichanganye hata siku moja. Bei ilikuwa inatajwa kwa kila 100, aliyewahi kununua hatifungani za Hazina pale BoT ameshazoea hii. Na hawakuandika desimali, waliandika sehemu za nane. Tuseme umekuta mstari wa kushoto unasema hisa za £500 kwa bei ya 128 na 3/8. Zidisha 128.375 mara 5, unapata 641.875. Kwenye leja hutaiona hivyo, utaiona £641 17s 6d, kwa sababu paundi ilikuwa na shilingi 20 na shilingi moja ilikuwa na peni 12, hiyo d ndo peni. Wazee wetu wa shilingi 20 kwa paundi hapa wangetulia kabisa, ila hizo peni 12 zingewachanganya maana shilingi yetu tangu 1921 ina senti 100. Ongeza na cha dalali, mara nyingi 1/8 kwa kila 100 ya hisa, hapo ni 12s 6d, jumla £642 10s. Ukipiga hesabu ikaja sawa na ya karani ujue mwandiko umeusoma vizuri, isipokuja sawa rudi kwenye ile sehemu ya nane, 3 na 5 zao zinafanana balaa. Kwenye Excel weka paundi, shilingi na peni kila moja na safu yake, kubadilisha iwe desimali fanya kwenye safu ya pembeni.

Tarehe sasa. Mpaka 1751 mwaka wa Kiingereza ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo mstari wa "January 1719" kwa hesabu zetu ni Januari 1720! Karani makini anaandika 1719/20, mvivu anaandika 1719 tu. Ukikosea hapo umeharibu kila kitu, hasa kama unafuatilia South Sea, kampuni ambayo hisa zake zilianza 1720 kwenye 128 hivi, kiangazi zikagusa 1,000, mwaka unaisha ziko chini ya 200. Hoare's walinunua, wakauza kabla moto haujazimika, wakatoka na faida ya kama £28,000, na tunajua kwa sababu leja zipo. Sasa wewe ukimwekea mtu manunuzi ya Januari mwaka mzima nyuma, utaandika hadithi nyingine kabisa.

Faida yenyewe utaionaje? Angalia mstari wa mwisho kabla ya jumla. "To Profit and Loss" ikikaa kushoto, ni faida, ndiyo, upande wa Dr, kwa sababu mauzo yamezidi gharama na karani anajazia kushoto ili pande mbili zilingane. Ikikaa kulia, kaumia. Ila kabla hujashangilia jumlisha na ile safu ya ndani, ya hisa zenyewe, kama zilizouzwa hazifiki zilizonunuliwa basi kuna mzigo bado umeshikwa, hesabu haijaisha. Namba ndogo ya pembeni ni folio, inakupeleka ukurasa ambako miamala hiyo hiyo imeandikwa upande wa pili, ifuate.

Jina lililo juu ya akaunti nalo usiliamini haraka, mabosi wa benki walikuwa wanashika hisa za wateja kwa majina yao wenyewe.

Kuomba picha, tuma imeili fupi: akaunti ya nani, kuanzia mwaka gani mpaka gani, unaitaka ya nini. Hizi ni mali binafsi, sio maktaba ya serikali, na za karibuni mara nyingi hawatoi kwa ajili ya siri za wateja. Na uliza mapema kabisa gharama ya picha na kama unaruhusiwa kuziweka kwenye tasnifu yako.